Tumbakishe au Tumwache? Kisa cha Namba Tisa Wetu



Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike habari za historia ya michezo katika skuli yetu. Nilipochukua kalamu nilidhani nitaorodhesha vikombe tulivyochukua, viwanja tulivyocheza na sifa za makepteni, kama ilivyo desturi ya kurasa hizi. Lakini jambo dogo lililonitokea barazani limenigeuzia safari. Naomba radhi kwa wale waliotarajia orodha ya vikombe. Kikombe kimoja kimo humu, na hicho kimoja kinanitosha.

Jioni moja nilikuwa nimekaa Jaws Corner, katikati ya Mji Mkongwe, nikinywa kahawa. Karibu yangu walikuwapo vijana wanne, wawili kati yao wamevaa sare ya skuli yetu, kila mmoja ameinamia simu yake. Walikuwa wakibishana juu ya mshambuliaji mmoja anayecheza Uingereza, ambaye alikuwa amemaliza michezo minne bila ya kufunga bao. Mmoja alisema, "Muuze leo leo, kabla saa haijafika." Mwenziwe akamjibu, "Ukimuuza tu, Jumamosi atafunga matatu, na wewe utalia."

Mimi nilidhani wanafanya biashara. Wakanicheka kwa adabu, wakanieleza kuwa huo ni mchezo uitwao Fantasy Premier League. Kila mtu hupewa fedha za kubuni, akachagua wachezaji 15 wa kweli wa ligi ya Uingereza, na wachezaji hao wakicheza vizuri uwanjani, yeye huku Unguja hupata pointi. Kisha yule mwenye sare akanigeukia akaniuliza, "Babu, ungekuwa wewe, ungembakisha au ungemwacha?"

Nilinyamaza mpaka kahawa ikapoa. Vijana walidhani sikulielewa swali. Ukweli ni kwamba nilielewa zaidi ya walivyodhani, kwa sababu swali hilo hilo niliulizwa mwaka 1978, nikalijibu upesi, na jibu langu limenikaa moyoni mpaka leo.

SWALI LA ZAMANI

Yafaa vijana wajue kwamba swali hili halikuja na simu. Wanahistoria wanaeleza kuwa mpira wa miguu uliingia Unguja katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Waliotangulia kuucheza ni Waingereza wa kampuni ya simu za nyaya za baharini, na wanafunzi wa skuli ya misheni ya Kiungani. Kutoka hapo mpira ukaingia mitaani, na katika miaka iliyokuwa baina ya vita vikuu viwili vya dunia, mitaa mingi ya mjini ilikuwa na timu yake. Uwanja mkubwa ulikuwa Mnazi Mmoja, uliopo baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, na hapo ndipo watu wa pande zote mbili walipokutana kushangilia na kuzomea.

Sasa fikirini. Mtaa ukiwa na vijana 30 wanaojua mpira, na nafasi ni 11, basi kila jioni ya mechi vijana 19 wanarudi nyumbani na huzuni. Tangu siku ya kwanza ilipochaguliwa timu ya kwanza, palikuwapo mtu aliyeketi na kujiuliza: huyu aliyepotewa na mchezo wake, tumvumilie au tumweke pembeni?

Swali likakua pamoja na mpira wenyewe. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kikombe cha Gossage, kilichopewa jina la watengeneza sabuni. Tanganyika na Zanzibar ziliingia katika miaka ya 1940, na kuanzia hapo kuchagua wachezaji hakukuwa tena jambo la mtaa mmoja, bali la visiwa vizima. Mashindano hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa Challenge, na wasomaji wengi wa rika langu wanakumbuka furaha ya mwaka 1995, timu yetu ilipolichukua kombe hilo katika ardhi ya Uganda. Vijana wao wanaukumbuka zaidi mwaka 2017 kule Kenya. Timu yetu ilifungwa na Libya bao 1 kwa 0 katika makundi, na aliyeihukumu kwa mechi hiyo moja aliumbuka, maana siku chache baadaye iliitoa Uganda, bingwa mtetezi, kwa mabao 2 kwa 1. Ikaingia fainali mjini Machakos, ikatoka sare ya 2 kwa 2 na wenyeji, na ikashindwa kwa mikwaju ya penalti tu.

Ama huo mchezo wa kubuni wanaoucheza vijana, asili yake si mpira wa miguu. Umetoka Marekani, katika mchezo wa besiboli, ambao ni jamaa wa kriketi: mmoja hurusha mpira, mwingine huupiga kwa gongo na kukimbia. Majira ya baridi ya mwaka 1979 kuingia 1980, mwandishi mmoja aitwaye Daniel Okrent aliwashawishi rafiki zake waanzishe ligi yao ya mezani. Mkahawa waliokuwa wakikutania mjini New York ukiitwa La Rotisserie Française, na ligi yao wakaiita Rotisserie League. Kila mmoja alikuwa na fedha za kununulia wachezaji kwa mnada, kisha msimu mzima wakawa wanasoma magazeti na kujumlisha hesabu za watu wao. Huko Uingereza ligi ya namna hiyo kwa mpira wa miguu ilianzishwa na Andrew Wainstein mwaka 1991, na hii ya Fantasy Premier League ikafuata mwaka 2002. Leo wanaoucheza ni zaidi ya watu milioni 10 duniani, na wanne kati yao nilikaa nao barazani.

NAMBA TISA WETU

Nirudi sasa skulini. Mwaka 1978 mimi nilikuwa katibu wa michezo. Timu ya skuli ilichaguliwa na watu watatu: mwalimu wa michezo, kepteni wa timu, na mimi. Sikuwa mchezaji wa maana, lakini nilipenda hesabu, na nilikuwa na daftari. Humo niliandika kila mechi: tarehe, timu tuliyocheza nayo, matokeo, na majina ya wafungaji. Wanafunzi wenzangu waliliheshimu daftari lile kama kitabu cha sheria.

Mshambuliaji wetu wa kati alikuwa rafiki yangu. Tulikaa mtaa mmoja, tukaanza pamoja kucheza chandimu kwa mpira wa matambara, na tukaingia skuli siku moja. Jina lake silitaji hapa kwa sababu nitakayoieleza mwisho, basi nitamwita Namba Tisa, kwa fulana aliyoivaa. Mwaka 1977 alicheza mechi 18 akafunga mabao 9, yaani bao moja kwa kila mechi mbili. Hakuna aliyemkaribia.

Mwaka uliofuata mambo yalibadilika. Mechi ya kwanza hakufunga, ya pili hakufunga, ya tatu, ya nne, ya tano. Timu ilikuwa ikishinda, maana winga wetu wa kulia alikuwa amewaka moto, lakini Namba Tisa alionekana mzito. Watazamaji walianza kumzomea. Wakati huo huo palitokea kijana wa Kidato cha Pili aliyefunga mabao mawili katika mechi ya mazoezi, na skuli nzima ikawa inaimba jina lake.

Tukaingia fainali ya mashindano ya skuli, itakayochezwa Mnazi Mmoja. Jumatano jioni tulikutana watatu sisi. Kepteni alisema, "Mimi namtaka Namba Tisa. Sijui kwa nini, lakini akiwepo napumua." Mwalimu alisema yeye hana upande, akaniangalia mimi, akauliza, "Katibu, daftari linasemaje? Tumbakishe au tumwache?"

Nilifungua daftari nikasoma: mechi tano, mabao sifuri. Nikasema, "Tumwache."

Alhamisi asubuhi niliibandika orodha kwenye ubao wa matangazo kwa mkono wangu. Namba Tisa alikuja, akaisoma kutoka juu mpaka chini, akairudia tena kutoka juu mpaka chini kama anayetafuta kosa la mwandishi. Kisha akanipa mkono, akasema, "Mungu akupeni ushindi," akaenda darasani.

Mungu alitupa ushindi. Tulishinda bao 1 kwa 0, na aliyefunga ni yule kijana wa Kidato cha Pili. Wenzangu walinibeba juu kama mimi ndiye niliyefunga. Tulipopanga mstari kupiga picha na kikombe, wachezaji 11 pamoja na mwalimu, nilimwona Namba Tisa amesimama nyuma ya kamba na vitabu vyake mkononi. Picha ile bado ipo, na wengi wenu mmeiona. Yeye hayumo. Hakuichezea tena timu ya skuli, nasi tuliishi mtaa mmoja miaka mingi tukisalimiana vizuri, bila ya kuzungumza neno lolote kuhusu mpira.

Kwa muda mrefu nilijiambia kuwa nilikuwa na haki. Hatukushinda? Siku hizi najua kwamba ushindi si ushahidi. Mtu anaweza kuvuka barabara amefumba macho akafika salama, na hiyo haimaanishi kwamba kufumba macho ni njia nzuri ya kuvukia.

YANAYOFUNDISHWA NA WENGINE

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma habari nyingi za michezo, na kila nilipokuta kisa cha mchezaji aliyepotewa na mchezo wake nilikisoma mara mbili. Nitawapa vitatu, kwa kuwa kila kimoja kina fundisho lake.

Cha kwanza ni cha besiboli. Mwezi Mei mwaka 1951 timu ya New York Giants ilimleta kijana wa miaka 20 aitwaye Willie Mays. Alipiga mara 12 za mwanzo bila ya kufanikiwa hata moja. Mara iliyofuata aliutoa mpira nje ya uwanja, kisha akarudi kushindwa tena, mara baada ya mara. Kijana alilia, akamwomba kocha wake, Leo Durocher, amrudishe katika timu ya chini. Durocher alimkatalia, akamwambia kuwa maadamu yeye ndiye kocha, nafasi ile ni yake. Mays alimaliza mwaka ule akiwa mchezaji bora chipukizi wa ligi yake, na alipostaafu alikuwa ameutoa mpira nje ya uwanja mara 660.

Fundisho lake ni la hesabu, na vijana wanaweza kulijaribu wenyewe. Katika besiboli mpigaji anayefanikiwa mara 3 katika 10 ni hodari sana, maana yake hodari hushindwa mara 7. Kushindwa mara kadhaa mfululizo kwake ni sehemu ya kazi. Chukueni na Namba Tisa wetu, mtu wa bao moja kwa mechi mbili. Tumfananishe na sarafu: kichwa ni kufunga, mwenge ni kukosa. Rusheni sarafu mara 18, kama mechi za msimu mmoja, kisha mwenzenu naye arushe 18, na mwengine, mpaka muwe 100. Mtaona kuwa watu 22 hivi kati yenu wamepata mwenge mara tano au zaidi mfululizo, ingawa sarafu haikuharibika. Mimi mwaka 1978 niliona mienge mitano nikasema sarafu imevunjika. Mtu aliyejulikana kwa mechi 18 nilimhukumu kwa mechi 5.

Cha pili ni cha Paolo Rossi wa Italia. Huyu alifungiwa miaka miwili kwa kashfa ya kupanga matokeo, kifungo kikamalizika Aprili 1982, na miezi miwili baadaye akapelekwa Kombe la Dunia nchini Hispania. Italia ikatoka sare michezo yake mitatu ya mwanzo, dhidi ya Poland, Peru na Kameruni, na Rossi hakufunga hata bao moja. Magazeti ya kwao yalimtaka kocha Enzo Bearzot amwache. Bearzot akambakisha. Wakaifunga Argentina, na Rossi bado hakufunga. Kisha tarehe 5 Julai akaifunga Brazil mabao 3 peke yake, akaifunga Poland mabao 2 katika nusu fainali, na akafungua mabao ya fainali dhidi ya Ujerumani Magharibi. Italia ikawa bingwa, na Rossi akawa mfungaji bora kwa mabao 6.

Tusidhani kuwa Bearzot alikuwa mkaidi tu. Alijua sababu. Mtu aliyekaa miaka miwili bila ya mechi miguu yake haiwezi kuwa myepesi siku ya kwanza, na kinachoweza kuirudisha ni kucheza. Kwa hiyo swali la pili la kujiuliza, baada ya lile la hesabu, ni hili: kuna kitu gani kilichobadilika kwa mtu huyu? Je, ni afya yake, umri wake, nafasi anayochezeshwa, au shida iliyo nyumbani kwake? Sababu ikijulikana, ndipo mtu anapoweza kujua kama itapita au haitapita.

Cha tatu ni kichungu, nami nakiweka hapa ili vijana wasidhani kuwa kuvumilia ndiyo jibu siku zote. Jimmy Greaves wa Uingereza aliifungia timu ya taifa lake mabao 44 katika mechi 57. Katika Kombe la Dunia la 1966 alicheza mechi tatu za makundi bila ya kufunga, na katika ile ya tatu, dhidi ya Ufaransa, akaumia mguu. Nafasi yake akapewa Geoff Hurst, ambaye alifunga bao pekee dhidi ya Argentina. Fainali ilipofika Greaves alikuwa amepona, lakini kocha Alf Ramsey hakuibadilisha timu. Hurst akafunga mabao 3, Uingereza ikachukua kombe kwa mabao 4 kwa 2, na Greaves akatazama kutoka pembeni.

Nani atasema kuwa Ramsey alikosea? Swali la tatu, basi, ni kuhusu yule anayengoja: je, aliyepo nje ni bora leo, au ni mgeni tu ambaye hatujaziona kasoro zake? Hurst alikwisha kuthibitisha katika mashindano yenyewe. Kijana wetu wa Kidato cha Pili alikuwa na mechi moja ya mazoezi.

Vijana wa barazani watafurahi kujua kwamba mchezo wao umeyafahamu haya. Wenye mchezo wamepanga kuwa mtu akibadilisha wachezaji zaidi ya idadi aliyoruhusiwa, kila mmoja wa ziada hukatwa pointi 4. Wanajua binadamu hukimbilia kutupa alichonacho mkononi, kwa hiyo wameutoza pupa wake ushuru.

SAFU ILIYOKOSEKANA

Baada ya jioni ile ya Jaws Corner sikupata usingizi mzuri. Ijumaa baada ya sala nililitoa daftari sandukuni, nikaenda Michenzani anakokaa Namba Tisa siku hizi. Nilimkuta na wajukuu zake. Mkewe alituletea chai na mandazi, nikaliweka daftari juu ya meza.

Akasema, "Bado unalo, bwana?" Akavaa miwani, akafungua kurasa za mwaka 1978, akazisoma kimya kutoka juu mpaka chini, vile vile alivyoisoma orodha ubaoni. Kisha akaniuliza, "Na safu ya waliotoa pasi iko wapi?"

Nikamwambia, "Haipo."

Akacheka. Akaweka kidole juu ya majina ya wafungaji wa mechi zile tano. Timu ilifunga mabao 8, na 5 kati yake yalifungwa na winga wa kulia. "Haya manne," akasema, "nilimpa mimi. Hili ulikumbuke, pale karibu na kona. Na hili, nilipomwita mara mbili." Nilipofumba macho niliyaona yote, moja baada ya moja. Nilikuwepo uwanjani, nikiandika jina la mfungaji, na kalamu yangu haikumwandika aliyempa.

Nikamuuliza kwa nini mwaka ule alikuwa akibaki nyuma, na mwaka wa kabla alikuwa akiingia ndani ya boksi kama radi. Akasema, "Miguu ilikuwa mizito. Nikaona kama siwezi kukimbia, basi nitoe pasi."

"Mizito kwa nini?"

"Baba alikuwa hawezi. Usiku wa giza nilikuwa nikienda baharini na ami yangu badala yake, kuvua dagaa kwa karabai. Tukirudi Malindi alfajiri, nikipanda juu kuoga, nikija skuli."

Sikujua niseme nini. Nikasema lile ambalo kila mwenye kosa husema: "Kwa nini hukutwambia?"

Akanitazama bila ya hasira. "Mlikuwa watatu, na hata mmoja hakuniuliza."

Tulikaa kimya. Kisha akaongeza maneno ambayo sikuyatarajia. "Na lau ungeniuliza, mimi mwenyewe ningekwambia uniache mechi ile. Nilikuwa sijalala siku mbili. Mtoto yule alistahiki kucheza. Kuachwa hakukuniuma, ndugu yangu. Kilichoniuma ni kujua habari ubaoni."

JIBU LANGU KWA VIJANA

Kwa hiyo, wajukuu zangu wa Jaws Corner, jibu langu ni hili. Kwanza, tazameni rekodi ndefu kabla ya ile fupi, na msiogope mienge mitano. Pili, tafuteni kilichobadilika, na kama ni jambo la kupita, subirini. Kama halipiti, mwacheni bila ya kuona haya. Tatu, mpimeni anayengoja kwa mizani ile ile, si kwa kelele za watazamaji. Nne, chunguzeni daftari lenu lina safu ngapi, kwa maana mtu hufanya kazi nyingi ambazo hazina mahali pa kuandikwa.

Hayo yanatosha kwa simu. Mchezaji wa Uingereza hajui kama mmemuuza wala hajui kama mmemnunua, naye Jumamosi atakula chakula chake kwa raha. Lakini kesho mtakuwa makepteni na makatibu, na keshokutwa walimu, wakuu wa ofisi na wazee wa mitaa. Mtapewa watu wa kweli, na baadhi yao watakuwa wamepotewa na mchezo wao. Hapo lipo jambo la tano ambalo mchezo wa simu hauwezi kukufundisheni: mwite mtu, mkae, mumuulize. Huenda bado mtamwacha. Lakini atajua kwa nini, naye atakuja kukaa nanyi kwenye benchi badala ya kusimama nyuma ya kamba.

Nimalizie kwa Greaves. Mwaka 1966 medali za ushindi walipewa wachezaji 11 waliocheza fainali tu. Mwaka 2009, baada ya miaka 43, wale waliokaa pembeni nao wakapewa zao, na Greaves alikuwa miongoni mwao. Sisi tumekwisha ipita miaka hiyo.

Ndiyo maana nina ombi kwa Mhariri na kwa kamati ya mkutano wetu. Picha ile ya mwaka 1978 itakapochapishwa tena au kutundikwa ukutani, chini yake yaandikwe majina 12 ya wachezaji, si 11, pamoja na jina la mwalimu. Nimekwisha mwomba mwenyewe ruhusa, safari hii nilimuuliza kwanza, naye amekubali. Jina lake sikulitaja katika makala haya kwa sababu nataka lisomwe mahali linapostahili, chini ya picha ile, pamoja na wenzake.